Makao ya Tamthilia Mpya: Studios Kabako katika Historia ya Kisangani

Msafiri ashukaye Bangboka, uwanja wa ndege ulioko mashariki ya Kisangani, hukanyaga ardhi iliyopiganiwa. Uwanja huo ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizogombaniwa na majeshi ya Rwanda na Uganda mwezi wa Agosti 1999. Majeshi hayo yalipigana tena mjini Mei 2000, kisha tangu tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka huohuo, katika mapigano yanayojulikana kama Vita vya Siku Sita. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inakadiria kwamba raia waliouawa katika vita hivyo vya Juni walikuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1,000.

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja: ilikuwaje mji huo uliobomolewa ukapata, miaka sita tu baadaye, kituo cha kutungia michezo mipya ya jukwaani? Kituo chenyewe ni Studios Kabako, kisichofanya kazi kwa kutafuta faida.

Hatuna budi kuanzia nyuma kidogo. Mwaka 1974, chini ya utawala wa Mobutu, Baleti ya Taifa ya Zaire ilionyesha utendi wa Lianja, shujaa wa Wamongo. Ngoma na masimulizi ya makabila mbalimbali yalikusanywa ili yaseme kwa sauti moja, nayo sauti hiyo ilikuwa ya dola. Mwaka huohuo alizaliwa Faustin Linyekula, ambaye baadaye alisoma fasihi na tamthilia Kisangani. Mnamo 1993 alikwenda Nairobi, na mwaka 1997 akashiriki kuunda kundi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Alirejea Kongo mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na mwaka 2006 akakihamishia kituo hicho Kisangani.

Jina la kituo nalo lina historia. Kabako alikuwa rafiki aliyefariki kwa tauni. Kazi iitwayo Dinozord, iliyotayarishwa mwaka 2006 kwa ajili ya tamasha la Vienna la kuadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart, inahusu kurejea Kisangani na kumwomboleza rafiki huyo. Muziki wa mazishi wa Mozart unasikika humo, lakini marehemu wanaoliliwa ni wa Kongo. Hapa ndipo tofauti na mwaka 1974 inapodhihirika. Baleti ya Taifa ilimtaka mtazamaji alisifu taifa. Dinozord inamtaka akae kwanza na wafu wake.

Kazi ya pili inayostahili kutajwa ni more more more... future, ya mwaka 2009. Gitaa la Flamme Kapaya linauchukua muziki wa ndombolo na kuukutanisha na ukali wa panki. Maneno yake yametungwa na Antoine Vumilia Muhindo, rafiki wa Linyekula, ambaye wakati huo alikuwa mfungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Yafaa tuzingatie jambo hilo: mtunzi alikuwa nyuma ya kuta, na maneno yake yalikuwa jukwaani. Muziki ambao watu wengi huuona kuwa wa starehe tu ulibebeshwa swali la mustakabali wa nchi.

Hata hivyo, itakuwa kosa kukihesabu kituo kwa kazi za mwanzilishi wake peke yake. Mchezo mpya hautoki kichwani ukiwa umekamilika. Huhitaji chumba, majuma ya mazoezi, watu wa kuukosoa, na haki ya kuukosea na kuuanza upya. Studios Kabako huwapa vijana wa dansi, tamthilia, muziki na filamu nafasi ya namna hiyo. Aidha, kituo kimepeleka shughuli zake Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Kwa hiyo maana ya makao hapa inazidi jengo: ni muda na mahali ambapo mtu anaruhusiwa kutafuta neno lake.

Haja ya neno hilo haijakwisha. Katika filamu En route pour le milliard ya Dieudo Hamadi (2020), wahanga wa Vita vya Siku Sita wanasafiri kwa mto hadi Kinshasa kudai fidia, na tunawaona pia wakiigiza masaibu yao jukwaani. Mnamo tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara iliyoyasababisha, yakiwamo ya Kisangani. Mahakama huhesabu hasara. Jukwaa humpa aliyepata hasara nafasi ya kuieleza kwa mwili na kinywa chake.

Mwaka 2019, katika tamasha la Avignon, Linyekula aliurudia utendi wa Lianja katika Histoire(s) du Théâtre II, safari hii akiihoji ile Baleti ya Taifa yenyewe. Duara likafungika: kilichoamriwa na dola mwaka 1974 kilichunguzwa na msanii aliyezaliwa mwaka huohuo.

Sisi wa vyuo vikuu tuna deni hapa. Kisangani husema Kiswahili na Lingala, tena Kifaransa, na mchezo unaozaliwa mazoezini huweza kubadilika kila siku. Tukingoja mpaka uchapishwe ndipo tuuite fasihi, tutachelewa. Wanafunzi wetu wa isimu na fasihi waende mazoezini na daftari, wayanukuu maneno jinsi yanavyosemwa, kabla wasemaji hawajatawanyika. Mji wetu umekwisha kupoteza mengi ambayo hayakuandikwa.