Gitaa Kavu na Lugha ya Kuazima: Mvuto Usiochuja wa Santuri za Mwanzo za Mwenda Jean Bosco

Historia ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20, kama ifundishwavyo katika idara zetu, huutaja mwaka 1954 kwa heshima. Ndio mwaka ambapo Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichovifanya vina na mizani kuwa uti wa mgongo wa utungo, na ambacho waliomfuata, akiwemo Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974), wamelazimika ama kukitii ama kukikaidi. Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, huko Katanga, kijana wa miaka 22 alilipiga gitaa lake mbele ya mitambo ya kunasia sauti ya Hugh Tracey. Utungo ulioitwa “Masanga” ukatolewa kwenye santuri ya Gallotone, ukapata tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika kwa mwaka 1952, na ukasafiri hadi Nairobi, Kampala na Lusaka. Kitabu cha 1954 kimo katika kila mtalaa wa ushairi. Santuri ya 1952 haimo katika hata mmoja niujuao.

Nia ya makala haya si kudai kwamba Mwenda Jean Bosco alikuwa mshairi kwa maana aliyoikusudia Amri Abedi, hakuwa. Swali langu ni jingine: kwa nini santuri zile za mwanzo, zilizonaswa bila bendi na bila ngoma, gitaa na sauti tu, zingali zinamgusa msikilizaji wa leo? Na jibu la swali hilo lina maana gani kwetu sisi tunaojiita wahakiki wa fasihi ya Kiswahili?

Jibu la haraka ni kumbukumbu. Wazee, husemwa, wanalia kwa ajili ya ujana wao, si kwa ajili ya wimbo. Jibu hili halitoshi. John Low, Mwingereza aliyesafiri hadi Shaba mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwatafuta wapigaji hao na kujifunza kwao, na akaandika Shaba Diary (1982), hakuwa na ujana wowote wa kuukumbuka katika mitaa ya Elisabethville. Wala hadhira iliyomsikiliza Bosco katika tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, haikuwa nao. Kumbukumbu hukoleza hisia. Haiziumbi pale ambapo hapakuwa na kitu. Yatupasa basi kuirudia kazi yenyewe.

Tuanze na fani. Bosco alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba hushika nyuzi nene na kwenda mwendo wake wa kudumu; kidole cha shahada hucheza juu, mara kikimfuata mwenziwe, mara kikimpita, mara kikimsubiri. David Rycroft, aliyeuchambua upigaji huu katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha jinsi vifungu vifupi vinavyorudiwa huku kila marudio yakibadilishwa kidogo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatapata shida kulitambua jambo hili: ni majibizano. Gitaa moja limebeba watu wawili, mwanzishi na muitikiaji. Msikilizaji mgeni mara nyingi hukosea mahali pa kuweka mdundo. Hudhani ameushika, kisha sauti ya mwimbaji huingia na kumwonyesha kwamba alikuwa upande wa pili. Hali hiyo ya kutokuwa na uhakika wa ardhi unayoikanyaga, katika muziki usio na haraka wala kelele, ndiyo naiona kuwa chanzo cha kwanza cha hisia zake. Huzuni haitajwi, lakini hakuna pa kutulia.

Hapa yafaa tofauti moja ya nje. Mwaka 1964 Simon na Garfunkel, vijana wawili wa New York, walitoa albamu yao ya kwanza, Wednesday Morning, 3 A.M., yenye sauti mbili na magitaa yasiyo ya umeme. Haikuuzwa. Mwaka uliofuata mtayarishaji Tom Wilson alichukua wimbo mmoja wa albamu hiyo, akauongezea gitaa la umeme, besi na ngoma bila wao kuwapo, na wimbo ukapanda chati. Wapenzi wa albamu ile ya kwanza hadi leo huitetea kwa sababu ya utupu wake. Kwetu mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo, ila si kwa mkono wa mtu mmoja: katika miaka ya 1960 Nairobi ya Equator Sound Band, ya Fadhili William, Daudi Kabaka, Peter Tsotsi na Nashil Pichen, ililigeukia gitaa la umeme na mdundo wa twisti, na gitaa kavu likaanza kuonekana la kishamba. Silaumu, twisti ile ina raha yake. Lakini umeme hujaza nafasi, na katika upigaji wa Bosco nafasi ile ndiyo iliyokuwa inasema.

Chanzo cha pili, na kwa mhakiki ndicho kizito zaidi, ni lugha. Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya Wayeke. Wayeke walitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, wakamfuata Msiri katika karne ya 19 kwenye biashara ya shaba na pembe. Jina Mwenda ni la ukoo huo wa kifalme. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara wa Kapteni Stairs, msafara ulioanzia Zanzibar na kuingia bara kwa njia zile zile za misafara ya Waswahili. Kiswahili basi hakikuletwa Katanga na gramafoni. Kilifika na wapagazi, kikaimarishwa na migodi ya Union Minière iliyowakusanya watu wa makabila mengi, na Johannes Fabian ameeleza katika Language and Colonial Power (1986) namna wakoloni walivyojaribu kukifanya kuwa lugha ya amri na kazi tu.

Lugha hiyo ya amri ndiyo Bosco na binamu yake Edouard Masengo waliyoichukua wakaibembelezea watu. Haikuwa Kiunguja kilichosanifishwa baada ya 1930. Upatanisho wa ngeli hulegea, maneno ya Kifaransa hupenya, na msamiati ni ule wa soko na reli. Mwalimu wa sarufi angeitia kalamu nyekundu. Hata hivyo jambo la ajabu hutokea: kwa kuwa haikuwa lugha ya mama ya mwimbaji, wala ya wengi wa wasikilizaji wake wa Nairobi na Kisumu, kila mmoja aliisikia kama mgeni anavyomsikia mgeni mwenziwe. Hakuna methali nzito wala fumbo la kiutamaduni la kuwatenga wengine. Yamebaki maneno machache, nayo yanabebeshwa mzigo wote.

Masengo aliishi Nairobi kwa muda, na Bosco naye mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakasikika redioni na kuigwa na vijana wengi. (Kikundi alichotokea Masengo kiliitwa Jecoke, vijana wachekeshaji wa Kenya, ila Kenya hiyo ni mtaa wa Elisabethville, si nchi yetu. Wahakiki wazembe wanaweza kujenga nadharia nzima juu ya jina hilo.) Magharibi mwa Kenya tayari palikuwa na wapigaji wenye mtindo wao, omutibo, ambapo mwenzake mpiga gitaa aligonga chupa ya soda kushika mwendo. Bingwa wake, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, ana wimbo ambao jina lake tu lingetosha kwa somo zima la uhakiki: “Sengula Nakupenda Lakini”. Mwana sarufi atauliza: lakini nini? Kiunganishi kinadai kishazi cha pili, nacho hakipo. Jina limekatwa pale pale ambapo mapenzi yanakutana na kizuizi. Huyu ni mtu aliyesema Kiluhya nyumbani na kukiazima Kiswahili kwa ajili ya kutongoza na kuomboleza, na katika kuazima huko akapata ufupi ambao washairi wetu wengi wa vina na mizani hawakuupata katika beti ishirini.

Nisieleweke vibaya. Si kila santuri ya miaka ile ni kito. Nyimbo nyingi zilitungwa kusifu bidhaa au kujaza upande wa pili wa sahani, na zimesahauliwa kwa haki. Na ufupi wa lugha unaweza pia kuwa umaskini wa lugha. Mpaka baina yake ni mwembamba, na mhakiki ndiye apaswaye kuuonyesha, kazi ambayo haiwezi kufanywa na mtu ambaye hajasikiliza.

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu huku Nchiru. Wengi wa wanafunzi tunaowafundisha Kiswahili katika Meru na Embu wana Kimeru au Kiembu kama lugha ya kwanza. Tunawafikishia ushairi wa Kiswahili kama urithi wa Lamu na Mvita, nao huupokea kwa heshima ya mgeni ukumbini. Ni sawa, Muyaka na Mwana Kupona wanastahili heshima hiyo. Lakini tunapowaambia, kwa ukimya wa mitalaa yetu, kwamba hakuna aliyewahi kukichukua Kiswahili kutoka bara, kwa ulimi wa bara, akakifanya kiseme uchungu wa kweli, tunawaambia uongo wa kihistoria. Hata “Malaika”, ambao wengi wanaujua kupitia Miriam Makeba na Harry Belafonte walioutia katika albamu yao ya pamoja ya mwaka 1965, huzungumzwa zaidi kwa ajili ya ugomvi wa nani aliutunga kuliko kwa ajili ya namna unavyouweka ufukara katikati ya mapenzi.

Ushahidi upo. Kanda za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mwaka 1988, huko Cape Town, Bosco aliingia studio tena, akiwa karibu na miaka 60, na gitaa lake lile lile kavu. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Anayetaka kuanza kufundisha somo hili angeweza kuziweka kanda hizo mbili kando kwa kando, ya 1952 na ya 1988, na kuwaomba wanafunzi wasikilize gumba tu.