Moto, Nyasi na Pembe: Kujifunza Kikorea Chini ya Mlima Meru

Siku ya kwanza nilipofungua mdomo kusema Kikorea mbele ya Mkorea mwenyewe, niliomba nyasi. Nilikusudia kuomba moto.

Ilikuwa Saddle Hut, Mlima Meru, kiasi cha meta 3,570 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kulala pale anaijua ile baridi. Haina salamu wala hodi. Nilikuwa mpagazi. Tulianzia geti la Momella, tukalala Miriakamba, na jioni ya pili mpishi wetu akawa anahangaika na jiko huku kiberiti kimelowa chapachapa. Nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha washkaji kwamba lile daftari langu si bure. Nikamwendea mgeni mmoja, mzee wa makamo, nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Pul isseoyo?" Mzee akanitazama, akatazama chini, akatazama majani yaliyokauka nje ya kibanda. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

Baadaye alinikalisha chini akanifundisha kwa vidole vitatu. *Bul* ni moto. *Pul* ni nyasi. *Ppul* ni pembe. Mimi nilikuwa nimemuuliza kama ana nyasi. Mpaka tunashuka, wapagazi wenzangu waliniita Mzee wa Nyasi. Soo!

Sasa utaniuliza, Kikorea cha nini kijana wa Ngarenaro? Jibu la kwanza ni la tumbo. Pale kijiweni wanaojua Kifaransa, Kijerumani na Kihispania wamejaa. Wa Kikorea unawahesabu kwa kidole. Jibu la pili ni la masikio. Mwaka 1985 mwimbaji mashuhuri wa Korea Kusini, Cho Yong-pil, alitoa wimbo unaoitwa "Chui wa Kilimanjaro". Chui huyo anatoka kwenye hadithi ya Mmarekani Ernest Hemingway ya mwaka 1936, inayoanza na mzoga wa chui kwenye theluji ya mlima wetu. Yaani watu wa mbali wameuimba mlima ninaouona asubuhi mawingu yakifunguka, na mimi siwezi hata kuwaomba kiberiti kwa lugha yao.

Nikanunua kijitabu cha fotokopi kwa mchuuzi wa vitabu vya kando ya barabara, na daftari la kaunta. Kijitabu kile kiliandika Kikorea chote kwa herufi hizi zetu za a, b, ch. Nikafurahi, nikaona mambo mteremko. Miezi mitatu nikakariri kama kasuku. Kumbe ndiyo sumu yenyewe niliyokuwa nainywa. Baada ya aibu ya Saddle Hut nilirudi mjini nikaanza upya, safari hii kwa herufi za Wakorea wenyewe. Na hapo ndipo nilipokutana na historia.

Zamani Wakorea waliandika kwa alama za Kichina. Alama hizo ni maelfu, na mtu alihitaji miaka ya kukaa kitako asome. Mkulima na mama wa nyumbani wangeipata wapi miaka hiyo? Mfalme Sejong wa nasaba ya Joseon aliliona jambo hilo. Mwaka 1443 alikamilisha herufi mpya 28, na mwaka 1446 zikatangazwa kwa wananchi. Maelezo yaliyotolewa pamoja nazo yalijigamba kwamba mwenye akili angezijua kabla ya asubuhi kuisha, na mzito wa kuelewa angechukua siku kumi. Mimi nilichukua siku nne. Sitasema niko kundi gani.

Wasomi walikasirika. Mwaka 1444 Choe Manri na wenzake walimwandikia mfalme wakipinga: kuacha maandishi ya Kichina, walisema, ni kujishusha mpaka daraja la washenzi. Mwaka 1504 mfalme mwingine, Yeonsangun, alizipiga marufuku baada ya watu kubandika matangazo ya kumsema vibaya kwa herufi hizo hizo. Unaona? Mnyonge akishajua kuandika, kitu cha kwanza anachoandika ni kile ambacho mkubwa hataki kusoma. Herufi zikabaki mikononi mwa wanawake na watu wa chini, mpaka mwaka 1894 serikali ilipozikubali katika nyaraka zake. Leo zinaitwa Hangul, na za msingi ni 24: konsonanti 14 na irabu 10.

Uzuri wake ni kwamba konsonanti za msingi zimechorwa kwa kufuata kinywa. Herufi ya M ni kisanduku, mfano wa mdomo. Ya N ni umbo la ulimi ukigusa nyuma ya meno ya juu. Ya S ni jino. Kiduara ni koo. Sauti ikitolewa kwa pumzi nyingi, herufi inabadilishwa au inaongezwa mstari. Ikikazwa, herufi inaandikwa mara mbili. Kwa hiyo *bul*, *pul* na *ppul*, ambazo kwenye kijitabu changu zilifanana kama mapacha, kwa Hangul unaziona tofauti kwa macho kabla hujazisikia.

Na usidhani jambo hilo ni geni kwetu. Mswahili wa Mombasa au Lamu anatofautisha paa la nyumba na paa mnyama wa porini; yule mnyama humtamka kwa pumzi. Sisi wa bara hatusikii tofauti, na herufi zetu za Kilatini haziionyeshi. Basi sikio langu halikuwa bovu. Lilikuwa halijafundishwa.

Mengine yalinijia kirahisi kwa sababu ya malezi. Kikorea kina namna moja ya kusema na mkubwa na nyingine ya kusema na rika. Ukikosea, umemvunjia mtu heshima. Mzungu analalamika kwamba ni vigumu. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba anashangaa ugumu uko wapi. Mvulana wa Kikorea humwita kaka mkubwa *hyeong* na dada mkubwa *nuna*, hata kama si wa tumbo moja, kama sisi tunavyomwita kaka kondakta wa daladala. Wana hesabu za aina mbili, za asili na zilizotoka Uchina. Na sisi je? Sita, saba na tisa tumezitoa Uarabuni, tukaziweka pembeni ya tano na nane, na maisha yanaendelea.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni habari ya kamusi. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 Kikorea kilisukumwa nje ya shule, na mwaka 1940 watu wakaanza kushinikizwa wachukue majina ya Kijapani. Wakati wote huo kulikuwa na chama cha wataalamu wa lugha kilichokuwa kikikusanya maneno ya kamusi kubwa tangu mwaka 1929. Oktoba 1942 polisi walianza kuwakamata. Yi Yun-jae alifia gerezani mwaka 1943, na Han Jing mwaka 1944. Maelfu ya kurasa za mswada yalichukuliwa kama ushahidi wa kosa. Kosa gani? La kuandika maana za maneno. Vita ikaisha, na Septemba 1945 kurasa zile zikakutwa zimelala kwenye ghala la stesheni ya treni ya Seoul. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1947, ya sita na ya mwisho mwaka 1957. Hebu fikiria, watu wamekufa kwa ajili ya kamusi!

Mji wetu hauwezi kusema haujui uzito wa neno. Arusha imepitiwa na lugha nyingi: Wajerumani na boma lao la mwaka 1900, na wakimbizi wa Poland, kama 5,000, waliotunzwa Tengeru tangu mwaka 1942. Kisha ikaja Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa mjini hapa kuanzia mwaka 1995 mpaka 2015. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyohukumiwa Septemba 1998, majaji walilazimika kumsikiliza mtaalamu wa lugha awaeleze maneno ya Kinyarwanda kama *inyenzi*, yaani mende, yalibeba maana gani midomoni mwa watu mwaka 1994. Mimi nilichanganya moto na nyasi tukacheka. Pale, si mbali na Mnara wa Saa, maana ya neno moja ilikuwa suala la uhai na kifo.

Jambo lingine. Tunasema "kujifunza mwenyewe", lakini je, yupo aliyejifunza peke yake kweli? Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Hakukuwa na kitabu cha kumfundisha Kiswahili. Alijifunza, akatunga kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Sifa zote tunampa yeye. Lakini nyuma yake alikuwepo kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin, aliyemsaidia. Kitabu kinakupa herufi. Sauti unapewa na binadamu. Mimi nilikuwa na kijitabu miezi mitatu, na somo lililonikaa likatoka kwa mzee mmoja, kwa vidole vitatu, kwenye baridi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike, na si la kujisifu.

Wiki mbili baada ya safari ile nilipanda kwa bibi, huko juu Nkoaranga. Alinikuta kibarazani nimeinamia daftari, nachora visanduku na viduara. Akauliza ni kitu gani. Nikamweleza: lugha ya watu wa mbali, bibi, wenye mfalme aliyewatungia herufi, wakakatazwa lugha yao, wakafa wakiitetea. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo kwa Kirwa, lugha yetu sisi Wameru, sentensi ndefu kidogo, huku ananitazama.

Sikuelewa. Nikatabasamu, nikazuga kama nimeelewa. Bibi akaujua uongo wangu, akainuka, akaenda kupepeta maharage yake.

Mimi hakuna askari aliyenikataza Kirwa. Hakuna aliyefungwa. Nilizaliwa mjini, nikalelewa kwa Kiswahili, na Kiswahili nakipenda. Ndicho ninachoandikia hapa, na hakuna wa kunitoa humo. Lakini lugha inaweza kufa bila polisi. Inakufa kwa mjukuu anayetabasamu.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaotaka kujifunza Kikorea, nawapa niliyonayo. Anzeni na Hangul siku ya kwanza, msikae na herufi za Kilatini hata wiki. Semeni kwa sauti hata mkichekwa. Andikeni kila siku kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Na mtafuteni mtu, hata mmoja, wa kuwasahihisha.

Na mimi nimenunua daftari la pili. Jumapili iliyopita nililipeleka Nkoaranga. Nikamwamkia bibi, nikaketi, nikamwomba anirudishie ile sentensi ya siku ile, polepole, neno kwa neno.

Akanitazama muda. Akasema nimeshachelewa, ile ilikuwa ya siku ile. Halafu akaonyesha jikoni, moto uliokuwa unawaka chini ya chungu, akalitaja neno lake.

Nikaliandika ukurasa wa kwanza.