Safu ya lugha: Haluwa ni ipi?

Mpishi wa Jabe, Bujumbura, akikaanga suji kwa samli, akaimiminia shira yenye iliki siku ya Idi, ana haki kamili ya kuiita haluwa. Wapo watakaokataa: haluwa hasa, watasema, ni ile ya Unguja na Omani, ya wanga uliokorogwa kwa saa nyingi hadi ukanyumbulika. Pingamizi hilo lina uzito wa mazoea, si wa lugha. Neno limetoka Kiarabu, na asili yake ni utamu. Halitaji wanga wala ngano. Wahindi nao walilipokea kupitia Kiajemi, wakaipa jina hilo suji, hata karoti iliyopikwa kwa maziwa kwa ajili ya Diwali. Wanaotunga kamusi waziandike haluwa zote mbili, ya suji na ya wanga.