Kipupwe: mapambo matatu ya kutengeneza nyumbani pamoja na wazee

Kuanzia Juni hadi Agosti, sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuambiwa kwamba ni kipupwe. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, Makete na uwanda wa Kitulo ni juu zaidi, na kuna asubuhi majani yanaamka yakiwa meupe kwa sakitu. Anayeweza kutoka anatoka, anachapa kazi mpaka mwili unapata joto. Mzee anabaki ndani, amejifunika blanketi, anasubiri jua.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Wengi wa umri huo bado wanalima. Makala haya yanamlenga yule ambaye miguu imechoka lakini mikono bado inataka kazi. Tumechagua mapambo matatu yanayotumia vitu vya huku kwetu, ambayo mnaweza kukaa pamoja na kuyatengeneza.

Kabla ya kuanza

Chagueni saa nzuri. Mwenye maumivu ya viungo huamka na vidole vimekakamaa, kwa hiyo subirini mpaka saa tano asubuhi au saa nane mchana, jua likiwa limetoka. Kaeni nje upande usio na upepo, au dirishani penye mwanga. Mpe mzee kiti chenye mgongo na meza, au sinia la kuweka mapajani. Maji ya uvuguvugu ya kunawa mikono husaidia vidole kulegea. Nusu saa hadi dakika 45 inatosha, msingoje achoke.

1. Shada la mlangoni la milulu na matunda ya paini

Milulu ni yale majani marefu yanayosukiwa vikapu vya Iringa. Paini haina haja ya maelezo kwa mtu anayeishi karibu na Sao Hill au mashamba ya miti ya Njombe. Okota matunda makavu yaliyoanguka chini, na kama shamba si lako omba ruhusa kwanza. Mengi utayakuta yamefumba. Yaanike juani siku kadhaa, magamba yatafunguka kama ua. Ukiyaacha yakanyeshewa, yatafumba tena. Utomvu ukikunatia mikononi, jipake mafuta kidogo ya kula kisha nawa kwa sabuni.

Loweka milulu mpaka ilainike isivunjike. Chukua fungu la unene wa vidole gumba viwili, likunje duara la ukubwa wa sahani kubwa, kisha lizungushie kamba ya katani kwa kukaza. Chukua tunda la paini, pitisha uzi katikati ya magamba ya chini, funga, kisha lifunge kwenye duara. Matunda 12 hadi 15 yanatosha. Malizia kwa kitanzi cha kuning'iniza.

Kama nyumbani kuna bibi aliyewahi kusuka vikapu, usimfundishe hatua hizi. Mpe milulu, wewe kaa umtazame. Mimi nilimpelekea bibi yangu maelekezo niliyoyaandika vizuri kwenye karatasi. Aliyasikiliza yote, akayaweka pembeni, akafumua duara langu na kulifunga upya. Lake bado liko mlangoni kwake.

2. Vishungi vya sufu

Karibu kila nyumba ya huku ina mabaki ya uzi wa kufumia masweta. Zungusha uzi kwenye vidole vinne vya mkono mmoja, mara 60 au zaidi. Vua taratibu, funga katikati kwa uzi mwingine na ukaze sana, maana ukilegea kishungi chote kitafumuka. Kata vitanzi vya pande zote mbili, tikisa, kisha punguza kwa mkasi mpaka kiwe mviringo. Funga vishungi kumi kwenye kamba moja, utundike dirishani.

Kama mkono wa mzee unatetemeka, tumieni kipande cha boksi gumu badala ya vidole: mmoja ashike boksi, mwingine azungushe. Mkasi ashike mwenye macho mazuri. Mzee mwenye kisukari huenda asihisi vizuri anapojikata, hivyo kagueni vidole vyake mkimaliza.

3. Kamba ya vipande vya kitenge

Hii haihitaji sindano wala macho makali. Omba mabaki kwa fundi cherehani. Chana vipande vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa shubiri moja. Tandaza kamba ya katani ya mita mbili, funga kila kipande kwa fundo moja, kimoja baada ya kingine bila kuacha nafasi. Ikijaa, inakuwa kama pazia fupi la rangi la juu ya mlango.

Kazi hii inamfaa pia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, kwa kuwa tendo ni lile lile. Mpe kipande kimoja kimoja, mwonyeshe kwa vitendo, na msimtahini kwa maswali ya "unakumbuka?" Kitenge chenyewe mara nyingi humfungua mdomo. Akianza kusimulia habari ya gauni la zamani au harusi fulani, acheni kamba isubiri.

Tahadhari ya jiko la mkaa

Hapa naomba usome polepole. Kwa baridi hii, mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Mzee anaweza kudhani amechoka tu, akalala, asiamke.

Msikae kufanya kazi hizi na jiko kwenye chumba kilichofungwa, na mzee asilale nalo hata kama moto unaonekana umefifia. Mkiona dalili hizo, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha mwahisheni kituo cha afya. Kwa joto la kitandani, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga ni salama zaidi. Paini na milulu hushika moto haraka, hivyo tundikeni mapambo mbali na jiko, mshumaa na kibatari.

Kazi ni ya nani?

Kosa la kawaida ni vijana kuifanya kazi yote, kisha kumwambia mzee ashike kipande wapige picha. Kama fundo lake limepinda, liacheni. Rangi achague yeye, na mahali pa kutundika aseme yeye. Kama anasema hataki leo, hataki. Na kama shada likipata mnunuzi, fedha apewe mkononi mwake, hata kama ni ya kununulia sukari tu.

Mkianza sasa, mtakuwa na mapambo ya kutosha ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Baridi itakuwa imepungua, na wageni wakipita mlangoni watauliza nani kasuka lile shada.