Mzimu Katika Kidato cha Pili

Nimeombwa niandike habari za masomo ya zamani. Nitaeleza kitabu kimoja tu.

Mwaka 1974 darasa letu zima lilikuwa na nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, nayo ni ya mwalimu mwenyewe. Tulisoma kwa zamu, kwa sauti, kisha yeye huondoka nacho kwapani, tukabaki roho juu. Mtungaji wake, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, aliipatia hadithi hiyo ushindi katika shindano la East African Literature Bureau la 1957/58, na kitabu kikatoka 1960.

Maiti inakutwa mzimuni. Watu wanasema mizimu imekasirika. Bwana Msa anawasha kiko chake, anamtafuta binadamu.

Sisi wana wa Usukumani tulikuwa upande wa mizimu. Tulisema huyu Mzanzibari hayajui mambo. Mimi nilipiga kelele kuliko wote, nikatoa ushahidi: mwaka uliotangulia mdogo wangu alikufa kwa homa, na kijiji kikamfukuza bibi mmoja jirani, mchawi, macho mekundu kama pilipili. Sikusema kwamba nami nilirusha mawe.

Mwalimu hakugomba. Aliuliza tu: "Bibi huyo alikuwa akipikia nini?"

Mwenzetu wa dawati la nyuma akajibu kabla yangu: "Kinyesi cha ng'ombe, Mwalimu. Hata mama yangu ana macho hayo."

Siku ile hatukuendelea kusoma.

Vijana wajue ukubwa wa jambo hili. Kati ya 1970 na 1984, Tanzania Bara, watu 3,693 walihesabiwa kuwa wameuawa kwa visa vya uchawi, wengi wao wanawake, na Usukumani ndiko kulikoongoza. Yule bibi aliondoka na roho yake.

Likizo ya Desemba nilikwenda kumtafuta. Nilikuta Operesheni Vijiji imehamishia kaya zetu kando ya barabara, kibanda chake hakipo. Binti yake aliyempokea naye alikuwa amehamishwa. Nilimwuliza baba wamepelekwa kijiji gani. Aliniuliza namtakia nini mchawi, nami nikanyamaza.