National, Panasonic, Technics: Majina Mengi, Mwenyewe Mmoja

Kama ulilelewa katika nyumba yenye redio ya betri, huenda jina National ulilijua kwa macho kabla hujajua kusoma. Baadaye kidogo zikaja redio zenye majina mawili yaliyoandikwa pamoja, National Panasonic. Kisha National ikatoweka, ikabaki Panasonic peke yake. Na ukienda pale ma-DJ wanapocheza, mashine zao za santuri zimeandikwa Technics. Sasa swali: hizo ni kampuni ngapi? Tatu, mbili au moja?

Jibu ni moja. Na ukitaka kujua kwa nini kampuni moja ilijipa majina yote hayo, utajifunza mambo yatakayokusaidia siku utakapotoa pesa zako kununua simu, runinga au tarakilishi.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na katika kazi hii unafundishwa mapema kwamba jina si kitu. Jina huelekeza tu kwenye kitu. Majina mawili yanaweza kuelekeza kitu kimoja. Tena jina moja linaweza kuelekezwa kwa kitu kingine kabisa, na anayelitumia asijue kwamba kuna kilichobadilika. Madukani mambo ni hayo hayo. Basi tuanze tangu mwanzo.

Taa ya baiskeli

Mwaka wa 1918, kijana wa Kijapani aitwaye Konosuke Matsushita alianzisha karakana ndogo mjini Osaka. Alikuwa na umri wa miaka 23. Alitengeneza plagi na soketi. Soketi yake ya matundu mawili ilipendwa, kwa sababu nyumba nyingi wakati huo zilikuwa na tundu moja tu la umeme, lile la taa. Ukitaka kutumia kifaa kingine, unakaa gizani.

Mwaka wa 1923 akatengeneza taa ya baiskeli iliyotumia betri na yenye umbo la risasi. Taa za betri za wakati huo zilizimika baada ya saa chache. Yake iliwaka kwa zaidi ya saa 30. Wenye maduka hawakumwamini, basi akawaachia taa zikiwa zinawaka, wahesabu wenyewe. Walihesabu, wakanunua.

Lakini hapa ndipo jambo la jina lilipomwumiza kichwa. Haki ya kuiuza taa hiyo ilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara mwingine, na wawili hao hawakukubaliana jinsi ya kuiuza. Matsushita akaona kwamba kutengeneza kitu kizuri hakutoshi kama humiliki njia ya kukifikisha kwa mteja. Mwaka wa 1927 akatoa taa mpya ya mraba, akaipa jina lake mwenyewe: National. Ni neno la Kiingereza lenye maana ya kitu cha taifa, na alitaka taa hiyo iingie katika kila nyumba ya Japani. Ili watu walijue jina hilo, aligawa taa 10,000 bure.

Hiyo ndiyo asili ya neno lililokuwa kwenye redio ya babu yako. Liliwekwa kwanza kwenye taa ya baiskeli.

Jina lilipogonga ukuta

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Matsushita ilitaka kuuza nje ya Japani, hasa Marekani. Huko ikakuta jina National lina wenyewe. Lilikuwa limesajiliwa zamani, na sheria ya alama za biashara haijali wewe ni maarufu kiasi gani kwenu. Aliyetangulia ndiye mwenye haki.

Dawa ilikuwa tayari kabatini. Mwaka wa 1955 kampuni ilikuwa imetunga jina la spika zake za kuuza nje: Panasonic. "Pan" ni Kigiriki, maana yake "-ote", na "sonic" ni habari ya sauti. Kwa hiyo lilikuwa jina la kutangaza sauti, wala halikutungiwa friji wala pasi. Kuanzia miaka ya 1960 ndilo lililobandikwa kwenye redio na runinga zilizouzwa Marekani.

Matokeo yake ni kwamba bidhaa za kampuni moja zilikuwa na majina tofauti kulingana na bandari zilikoshukia. Marekani ni Panasonic. Japani, National kwenye vyombo vya nyumbani. Katika nchi nyingine nyingi, yote mawili kwa pamoja. Afrika Mashariki tuliyaona. Kampuni hiyo hata ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikatengeneza betri kavu na redio. Kwa hiyo mtu aliyebishana na mwenzake kwamba National ni bora kuliko Panasonic alikuwa akibishana kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja.

Jina la wenye masikio makali

Mwaka wa 1965 likaja jina la tatu, Technics. Hili lilikusudiwa wale wanaosikiliza muziki kwa makini na wako tayari kulipa zaidi. Kampuni iliona kwamba mtu wa aina hiyo hatatoa pesa nyingi kununua spika yenye jina lile lile lililo kwenye pasi ya jikoni. Basi akapewa jina lake.

Mwaka wa 1972 Technics ikatoa SL-1200, mashine ya santuri ambayo sahani yake inazungushwa na mota moja kwa moja, bila mkanda wa mpira. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbani. Ma-DJ wakagundua kwamba unaweza kuishika sahani, kuirudisha nyuma na kuiachia, nayo inashika mwendo wake papo hapo. Zaidi ya mashine milioni 3 za aina hiyo ziliuzwa. Utengenezaji ulisimama 2010, jina likalala, likaamshwa 2014, na SL-1200 mpya ikatoka 2016.

Ona tofauti. National na Panasonic yaligawanywa na ramani. Technics iligawanywa na mfuko wa mnunuzi.

Ndugu wa mbali na mtoto wa kununuliwa

Sasa tufike penye utata. JVC ilianzishwa Japani mwaka wa 1927 na kampuni ya santuri ya Marekani, Victor. Katika miaka ya 1950 Matsushita akawa mmiliki wake mkubwa. Lakini hakuimeza. JVC ilibaki na mainjinia wake, na ndio waliobuni VHS, kanda ya video iliyotoka 1976 na kuishinda Betamax ya Sony. Dukani, mashine ya JVC na ya Panasonic zilishindana rafu moja, ingawa faida zilielekea mfuko mmoja kwa sehemu kubwa. Mwaka wa 2008 JVC iliungana na Kenwood, ikiwa tayari imeacha kuwa kampuni tanzu ya Matsushita. Mmiliki mmoja si lazima awe na karakana moja.

Quasar ni kisa kingine. Lilikuwa jina la runinga za Motorola, kampuni ya Marekani. Mwaka wa 1974 Motorola iliuza biashara yake ya runinga kwa Matsushita, jina likiwemo. Mmarekani aliyenunua Quasar baada ya hapo akidhani anaendelea na kampuni ile ile alikuwa amehamishwa Japani bila pasipoti.

Na kuna Sanyo. Mwanzilishi wake, Toshio Iue, alikuwa shemeji yake Matsushita, na walifanya kazi pamoja miaka mingi. Alijitenga baada ya vita, mwaka wa 1947, akaanza na nini? Taa za baiskeli! Kampuni hizo mbili zilishindana kwa miaka 60 hivi, mpaka Desemba 2009 Panasonic ilipoichukua Sanyo. Mto ukarudi kwenye chemchemi yake.

Hesabu za mwisho zilifungwa tarehe 1 Oktoba 2008, kampuni ya Matsushita yenyewe ilipobadilisha jina na kuitwa Panasonic. Jina la mwanzilishi likatoka mlangoni, na National ikaondolewa hata kwenye bidhaa za Japani. Jina la spika likawa jina la nyumba nzima.

Haya yanakuhusu nini wewe?

Yanakuhusu sana, kwa sababu hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililoisha. Chukua simu. Tecno, itel na Infinix zote ni za kampuni moja ya Shenzhen, China, iitwayo Transsion, iliyoanza 2006. Rafiki yako anayeapa hatagusa Tecno, kisha ananunua Infinix, hajahama mbali. Hiyo haina maana kwamba simu hizo ni sawa. Majina hayo yamegawanywa kwa mfuko na umri wa mnunuzi, kama Technics ilivyogawanywa na Panasonic. Ila ukijua mwenyewe ni mmoja, unaacha kulinganisha majina, unaanza kulinganisha betri, kumbukumbu na bei.

Halafu kuna majina yaliyohama. Nokia ya Finland iliuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft mwaka wa 2014. Kuanzia 2016, kampuni nyingine, HMD, ikapewa leseni ya kulitumia jina hilo kwenye simu. Biashara ya runinga za Toshiba ilinunuliwa na Hisense ya China mwaka wa 2018. Mwaka huo huo tarakilishi zake za mkononi zilikwenda kwa Sharp, na 2019 zikaitwa Dynabook. Bidhaa hizo zinaweza kuwa nzuri kabisa. Lakini sifa ulizosikia kwa baba yako zilikuwa za watu wengine.

Mwisho ni wale wasio na uhusiano wowote na mwenye jina: wanaobadilisha herufi moja, au wanaobandika jina zima bila haya. Hao hawagawanyi soko. Wanakuibia wewe.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa, fanya hivi:

1. Geuza kifaa nyuma. Jina lililo mbele ni tangazo. Kibandiko cha nyuma ndicho kitambulisho: kina namba ya modeli, volti, na mara nyingi jina la mtengenezaji na nchi.

2. Tafuta namba ya modeli kwenye mtandao, si jina peke yake. Kama modeli hiyo haijulikani popote, jiulize kwa nini.

3. Uliza nani atakayekitengeneza kikiharibika, na yuko mtaa gani. Waranti isiyo na anwani ni karatasi tu.

4. Linganisha vifaa viwili vya bei moja hata kama vina majina tofauti. Na ukikuta jina moja kwa bei mbili, uliza kilichopunguzwa.

5. Soma jina herufi kwa herufi, na uangalie stika ya KEBS kwenye bidhaa iliyotoka nje.

Matsushita aliwaachia wenye maduka taa zikiwaka ili wahesabu saa wenyewe, kwa sababu jina lake halikuwa na uzito wowote bado. Huo ndio utaratibu mzuri mpaka leo. Mwambie muuzaji akiwashe kifaa mbele yako, ukijaribu, uhesabu. Jina lisubiri kidogo.