Mji Ulio Chini ya Mji: Mahandaki ya Liverpool na Wanaoyachimbua kwa Kujitolea



Leo tunaweka pembeni mashela, hina na udi. Tunakupelekeni Liverpool, mji wa bandari wa Uingereza, na tena si juu ya mji bali chini yake. Katika mtaa wa Edge Hill, chini ya barabara na nyumba ambazo watu wanapita kila siku, kuna mahandaki, kumbi na matao ya mawe yaliyojengwa miaka mia mbili iliyopita. Kwa zaidi ya miaka mia moja yalijaa taka na yakasahauliwa. Leo yanafunguka tena, na wanaoyafungua ni watu wa kawaida wasiolipwa mshahara, wenye ndoo na makoleo. Tumeona habari hii ina mafunzo kwetu sisi wanawake wa visiwani, na mwisho wa makala mtaona kwa nini.

Mtoto wa kazi aliyekuwa tajiri

Mwenye mahandaki aliitwa Joseph Williamson. Alizaliwa mwaka 1769 katika familia ya kimasikini, na akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa Liverpool kufanya kazi kwa mfanyabiashara wa tumbaku aitwaye Richard Tate. Alipanda cheo kidogo kidogo. Mwaka 1802 alimuoa Elizabeth Tate, binti wa familia hiyo hiyo, na mwaka uliofuata akainunua biashara kutoka kwa shemeji yake. Kwa hivyo anayemtaja Williamson tajiri asimsahau Elizabeth, maana mlango wa utajiri ule ulikuwa kwao.

Inasimuliwa kwamba siku ya harusi Williamson alikwenda kanisani amevaa nguo za kuwindia, na ndoa ilipokwisha fungwa akapanda farasi kwenda kuwinda na wenzake. Mabiharusi wetu, ikiwa mnalalamika kuwa bwana harusi amechelewa nusu saa, fikirini hali ya Elizabeth.

Jambo moja lazima tuliseme wazi. Tumbaku iliyowatajirisha wafanyabiashara wa zama zile ilitoka Marekani, na ililimwa kwa mikono ya watumwa. Liverpool yenyewe ilikuwa bandari kubwa kabisa ya Uingereza katika biashara ya watumwa, mpaka bunge lao lilipoipiga marufuku mwaka 1807. Sisi wa Zanzibar hatuwezi kuwanyooshea wenzetu kidole tu, maana soko letu lilifungwa mwaka 1873, na kule Mangapwani kuna chumba kilichochongwa ndani ya jiwe walimofichwa watu hata baada ya marufuku. Chini ya ardhi huhifadhiwa mazuri na mabaya pia. Anayehifadhi historia anahifadhi yote mawili.

Kazi ya kuchimba, na kazi ya kuwapa watu riziki

Mwaka 1805 Williamson alihamia Mason Street, juu ya kilima cha Edge Hill. Akaanza kujenga nyumba, na kwa mujibu wa waliomfahamu alijenga bila ya ramani. Ardhi ile iliteremka ghafla nyuma ya nyumba na palikuwa na machimbo ya mawe ya mchanga, kwa hivyo akajenga matao makubwa ya matofali na mawe, kisha juu ya matao akaweka udongo ili nyumba zipate bustani. Fundi wa nguo angeifahamu kazi hii mara moja: ni kama kutia bitana ili kitambaa cha juu kikae vizuri.

Lakini matao hayakuishia kwenye bustani. Yaliendelea chini kwa chini, handaki juu ya handaki, na mengine yalikwenda yakaishia ukutani bila kufika popote. Kuna mahali zilijengwa ghorofa tatu kwenda chini. Vita vya Ufaransa vilipomalizika mwaka 1815, askari walirudi nyumbani kwa wingi na kazi hazikuwepo. Williamson aliwaajiri wengi. Inasemwa kwamba wapo aliowaamuru wahamishe mawe kutoka hapa kwenda pale, na walipomaliza akawaambia wayarudishe yalipokuwa.

Watu wakamwita mwendawazimu. Katika miaka ya 1830, wajenzi wa reli ya kutoka Edge Hill kwenda Lime Street walikuwa wakichimba njia yao ya chini kwa chini, na husimuliwa kwamba siku moja sakafu iliwatoboka na chini yake wakawaona watu wengine wakichimba. Walitimua mbio wakidhani wamefika motoni. Kumbe ni vibarua wa Williamson!

Kwa nini alifanya haya yote? Yeye mwenyewe hakuacha maelezo. Wapo wanaosema alikuwa akichimba mawe ya kuuza na kujengea, kisha anayafunika machimbo kwa matao ili ardhi ya juu isipotee. Maelezo haya yana mantiki ya biashara na sisi tunayaona yana nguvu. Lakini habari iliyodumu midomoni mwa watu wa Liverpool ni kwamba alitaka kuwasaidia masikini bila kuwavunjia heshima: mtu afanye kazi, apokee ujira wa wiki, arudi kwake kichwa juu.

Sisi Waislamu maana hii haitupi shida kuielewa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda kutafuta kuni akauza ni bora kwake kuliko kunyoosha mkono kwa watu. Sadaka ni jambo tukufu, na kumpa mtu kazi inayomsitiri ni mlango mwengine wa kheri. Dada mwenye biashara ya mapambo anayemchukua mjane wa jirani ashone shanga kwa malipo ya haki, huyo amelisha nyumba nzima na hajamuaibisha mtu.

Kuna kisa chengine cha Williamson ambacho kila mwenye kuandaa walima akisikilize. Inasimuliwa kwamba aliwaalika wageni kwenye karamu, akawapakulia maharage na chakula duni cha watu masikini. Wakubwa waliudhika wakaondoka. Waliobaki akawafungulia mlango wa chumba cha pili, wakakuta karamu ya kweli, akawaambia sasa amewajua marafiki zake. Dini yetu imetuonya vikali kuhusu walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa masikini. Yule hakuwa Muislamu, lakini alijua kuwa sahani ya chakula inaweza kumpima mtu.

Taka zilizomeza historia

Elizabeth alifariki mwaka 1822. Mumewe akazidi kuzama katika mahandaki yake mpaka alipofariki naye mwaka 1840. Kazi ikasimama siku ile. Baada ya hapo watu wakaanza kutupa humo kila walichokuwa hawakitaki: majivu ya jikoni, vyombo vilivyovunjika, chupa, maji machafu. Harufu ikawa kero kwa majirani. Nyumba za juu zilipobomolewa, kifusi nacho kikaporomoshwa chini. Kumbi nzima zikajaa mpaka kwenye dari, na vizazi vikapita vikisikia tu kwamba hapo zamani kulikuwa na mahandaki.

Mwaka 1995 watu wa Chuo Kikuu cha Liverpool walipima ardhi ya Edge Hill kwa vyombo vya kisayansi kutafuta penye uwazi chini. Miaka hiyo hiyo wenyeji wakaanza kujikusanya. Zikazaliwa jumuiya mbili, Joseph Williamson Society na Friends of Williamson's Tunnels. Mwaka 2002 sehemu moja ya mahandaki ikafunguliwa kwa wageni kama kituo cha historia, mahali palipokuwa zizi la farasi. Upande wa pili wa mtaa, Friends of Williamson's Tunnels wakaendelea kuchimba sehemu nyengine zilizokuwa zimejaa kabisa.

Na kuchimba kwenyewe ni kazi ya mkono. Huwezi kuingiza mashine kubwa chini ya matao ya miaka mia mbili ukategemea yasianguke. Wanajaza ndoo, wanazipandisha juu, wanamwaga kwenye makontena ya taka, wanarudi. Wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka. Wengi wao ni wastaafu. Wao ndio wanaochimba, ndio wanaoosha vitu vinavyopatikana, na ndio wanaowaongoza wageni na kuwasimulia.

Kilichotoka humo ndicho kilichotugusa zaidi. Vimetoka viko vya udongo, chupa za dawa, mitungi ya jamu, vidau vya wino, vikombe, sahani za maua, vyungu vya haja za usiku. Vitu vya nyumbani! Vitabu vya zamani vimejaa majina ya wanaume wa Liverpool, wenye meli na wenye maduka. Wanawake walioosha zile sahani hawakuandikwa popote. Hata Elizabeth, aliyeishi Mason Street miaka yote ile, habari zake ni chache kuliko za farasi wa mumewe. Lakini sahani iliyopasuka ikatupwa mwaka fulani ikakaa gizani, na leo mtu aliyejitolea anaipangusa udongo na kusema: hapa palikuwa na mwanamke, alikuwa na jiko, alipenda maua ya buluu.

Msikiti uliokuwa jirani

Upande huo huo wa mji, katika Brougham Terrace, kuna jengo ambalo kila Muislamu anayefika Liverpool anastahiki kulizuru. Mwanasheria Abdullah Quilliam, mzaliwa wa mji huo, alisilimu mwaka 1887 baada ya safari ya Moroko, na mwaka 1889 akafungua hapo msikiti, miongoni mwa ya mwanzo kabisa Uingereza. Katika watu wa mwanzo kumfuata alikuwepo mwanamke kijana aitwaye Elizabeth, akajiita Fatima Cates. Alikuwa mhazini wa jumuiya yao. Alitukanwa, akarushiwa uchafu barabarani, hakurudi nyuma. Alifariki mwaka 1900 akiwa bado kijana.

Quilliam alipoondoka mwaka 1908, jengo lilichukuliwa na serikali ya mji likawa ofisi ya kusajili vizazi, vifo na ndoa. Mabiharusi wangapi waliandikishwa hapo wasijue kwamba palikuwa mahali pa kusujudu! Baadaye likaachwa, mvua ikaingia, kuta zikaoza. Tena wakatokea watu wa kujitolea, Waislamu wa mji na jirani zao, wakachangishana kupitia Abdullah Quilliam Society, na mwaka 2014 adhana ikasikika tena ndani yake.

Mahandaki na msikiti, mambo mawili tofauti, lakini yameokolewa kwa njia moja: watu waliokataa kusema kwamba hiyo ni kazi ya serikali.

Na sisi je?

Dada zetu, Liverpool iliwahi kuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2004. Mwaka 2021 ikafutwa, kwa sababu ya majengo mapya yaliyopangwa na kujengwa kwenye bandari yake. Mji Mkongwe wetu umo katika orodha hiyo hiyo tangu mwaka 2000. Na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka mbele ya macho yetu na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa hivyo hatuzungumzi habari za mbali.

Hatusemi kila mmoja wetu achukue koleo. Lakini kila nyumba yetu ina handaki lake. Ni kasha la bibi lililo uvunguni, limejaa kanga za zamani, picha, marashi yaliyokauka, bangili zisizokuwa na mwenzake. Na kuna handaki kubwa zaidi, nalo ni kifua cha bibi mwenyewe. Anajua nani alimpamba, mahari yake yalikuwa nini, somo wake alikuwa nani, walikaa nyumba gani pale Malindi au Mkunazini. Akifa bila kuulizwa, hakuna ndoo itakayovitoa vitu hivyo.

Basi biharusi unayejiandaa, katika zile siku saba za kukaa ndani, mwite bibi yako akae nawe. Muulize habari za harusi yake. Rekodi kwa simu au andika daftarini, na taja majina kamili. Kanga zake usizikate vitambaa vya jikoni. Ukoo wenye nyumba Mji Mkongwe, kutaneni mzibe paa kabla ya masika, hata kwa kuchangishana kidogo kidogo, kwani jiwe letu la matumbawe na chokaa likilowa halina subira. Na akina dada wenye nafasi, kusanyikeni hata watano, mkawasikilize wazee wa mtaa mmoja, mkaandika.

Wale wastaafu wa Edge Hill hawakuanza na jumba la makumbusho. Walianza na ndoo moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe moyo wa kuhifadhi tulichoachiwa, awarehemu mama zetu na bibi zetu waliotangulia, na azijaalie ndoa zetu ziwe za utulivu, mapenzi na huruma. Amin.